Kaunta na stoo zikubaliane: jinsi simu zinavyosawazisha data bila kupitia intaneti

Tuchukue duka la hadiwea pale Kayole, Nairobi. Kaunta ina simu moja ya kurekodi mauzo. Stoo, iliyo nyuma ya duka, ina simu ya pili, na anayeishika ni kijana wa kupakia mizigo. Mwenye duka ana simu ya tatu, na asubuhi nyingi yuko Industrial Area akitafuta mabati ya bei nafuu. Mfuko wa saruji ukiuzwa kaunta, stoo inatakiwa kujua papo hapo. Kati ya simu hizo mbili kuna ukuta mmoja tu. Hata hivyo, katika programu nyingi za biashara, taarifa ya mauzo haivuki ukuta huo moja kwa moja. Inatoka kwenye simu, inapitia ruta, inashika kebo hadi kituo cha data ambacho huenda kiko Ulaya au Afrika Kusini, inaandikwa huko, kisha inarudi Kayole kuingia stoo.

Mtandao ukiwa mzima hakuna anayeligundua hilo. Tarehe 12 Mei 2024, kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Siku ya namna hiyo kaunta na stoo hupotezana kwenye simu, ingawa wahudumu wake wanaweza kuitana kwa sauti na wakasikilizana vizuri kabisa.

Nairobi imewahi kupambana na tatizo hili kwa kiwango kikubwa zaidi. Kampuni za intaneti za hapa zilikuwa hazijaunganishwa zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo barua pepe ya kutoka ofisi moja ya mjini kwenda ofisi ya jirani yenye mtoa huduma mwingine ilipaa kwa setilaiti hadi ng'ambo, halafu ikarudi. Dawa yake ilikuwa kituo cha kubadilishana data, KIXP, kilichozinduliwa Novemba 2000. Mdhibiti wa mawasiliano alikifunga baada ya muda mfupi kufuatia malalamiko ya Telkom Kenya, na kikafunguliwa tena Februari 2002. Tangu hapo data ya kampuni moja kwenda nyingine inaweza kubaki nchini. Kinachojadiliwa hapa ni wazo hilo hilo likiletwa hadi ndani ya chumba kimoja: simu mbili zilizo kwenye ruta moja zibadilishane data zenyewe, bila seva, yaani kompyuta ya kati inayotunza data ya wote.

Wengi wakisikia hivyo hujibu kwamba mbona Xender inafanya kazi hiyo kila siku. Kweli, Xender na programu za aina yake zimehamisha filamu na nyimbo nyingi sana mjini hapa bila kula hata shilingi moja ya bando. Lakini kutuma faili ni kazi nyepesi. Mmoja anatoa, mwingine anapokea, biashara imeisha. Kusawazisha ni jambo jingine: simu zote tatu zina nakala yao ya daftari, zote zinaruhusiwa kuandika hata zikiwa mbalimbali, na zikikutana ni lazima ziishie na daftari moja linalofanana kila mstari. Kubeba data ni sehemu ndogo ya kazi hiyo. Ugumu wote uko katika kukubaliana wakati hakuna mkubwa wa kuamua, na hapo ndipo programu nyingi zinazojitangaza kwamba zinafanya kazi bila mtandao huvunjika.

Kuonana kwanza

Simu ikiingia kwenye Wi-Fi, ruta huipa anwani ya IP, yaani namba ya kuitambulisha, ya matumizi ya ndani, mara nyingi yenye kuanza na 192.168. Anwani hizi zilitengwa rasmi mwaka 1996 kwa ajili ya mitandao ya ndani, na haziko kwenye intaneti ya nje. Tatizo ni kwamba simu ya kaunta haijui simu ya stoo imepewa anwani gani leo, wala kama imewashwa.

Njia iliyozoeleka inaitwa mDNS, na ilikamilishwa kama kiwango rasmi mwaka 2013, ingawa Apple walikuwa wakiitumia kwa miaka kadhaa kabla. Simu hutuma paketi, yaani kifurushi kidogo cha data, kwenye anwani maalumu ya kundi, 224.0.0.251, mlango 5353, na kila kifaa kinachosikiliza kwenye mtandao huo huipata. Ni kama makanga wa stegi anayepaza sauti "Rongai, Rongai": hamjui abiria yeyote kwa jina, lakini anayekwenda Rongai atasikia na kusogea. Simu ya kaunta inauliza ni nani mwenye huduma ya duka fulani, na simu ya stoo inajibu kwa jina lake, anwani yake na mlango wa kuingilia. Baada ya hapo zinazungumza ana kwa ana.

Kwenye karatasi inapendeza. Mtaani kuna vikwazo vingi. Ruta za hoteli, mikahawa na vyuo mara nyingi huwekwa mpangilio unaozuia vifaa vya wateja kuonana. Kila simu inaona intaneti tu, majirani haiwaoni. Kinga hiyo ina sababu nzuri, lakini kwa programu yetu ni ukuta. Simu za Android nazo, ili kutunza betri, huweza kutupa paketi za kundi zisizokuwa zake, kwa hiyo programu inabidi iombe ruhusa maalumu ya kuendelea kuzisikiliza. Kwa upande wa iPhone, tangu iOS 14 ya mwaka 2020, mtumiaji huulizwa kama anairuhusu programu kuona vifaa vya mtandao wa ndani, na akikataa bila kuelewa ameulizwa nini, simu mbili zitakaa meza moja na zisionane kamwe. Tena, kwenye Wi-Fi paketi ya kundi hairudishiwi risiti ya kupokelewa. Ikipotea hewani, aliyeituma hajui.

Kwa sababu hizi, programu iliyotengenezwa kwa uangalifu haitegemei njia moja. Huwa na akiba ya njia ya mkono: simu moja inaonyesha kodi ya QR yenye anwani yake, nyingine inaipiga picha. Njia hii ina faida ya pili, kubwa kuliko ya kwanza, na nitairudia tukifika kwenye usalama.

Stima ikipotea, ruta inazima. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani, hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Simu zina betri zake, na simu moja ikiwasha hotspoti inakuwa ruta. Hii ni hoja ambayo wengi hawajaizoea: hotspoti haihitaji bando ili kuunganisha simu mbili. Bando linahitajika kutoka nje tu. Ipo pia Wi-Fi Direct, iliyoanza mwaka 2010, ambapo vifaa viwili vinaunganishwa bila ruta na kimoja kinachukua nafasi ya mwenye kundi. Na ipo Bluetooth ya nishati kidogo, ambayo ni nyepesi kwa betri lakini ya polepole mno kwa picha na video. Matumizi yake mazuri ni kutambuana: Bluetooth inagundua kwamba mwenzako yuko karibu, halafu mzigo wenyewe unapitishwa kwa Wi-Fi. AirDrop ya Apple, iliyotoka mwaka 2011, hufuata mtindo huo. Kwa kuwa Android na iPhone zina njia zake tofauti za ana kwa ana, anayetaka programu inayohudumia simu zote mbili hurudi kwenye ile Wi-Fi ya kawaida ambayo zote zinaielewa.

Nani ana nini

Sasa simu zimeonana. Kaunta iitume nini? Kutuma daftari zima kila zikikutana kunawezekana duka likiwa changa, lakini baada ya mwaka mmoja itakuwa adhabu. Inatakiwa kila simu ijue kwa haraka mwenzake amekosa nini.

Suluhisho ni rahisi kiasi cha kushangaza. Kila simu inapewa jina lisilofanana na la nyingine, na kila inaporekodi tukio inalipa namba inayofuata katika mfululizo wake yenyewe. Tuite kaunta K, stoo S, na mwenye duka M. Tukio la 41 la kaunta ni K41, na hakuna simu nyingine yoyote itakayowahi kutoa tukio lenye jina hilo. Kila simu inahifadhi muhtasari mdogo wa ilipofikia kwa kila mwenzake. Tuseme kaunta ina K41, S15, M5. Stoo ina K38, S17, M5. Zikikutana zinabadilishana muhtasari huo tu, namba tatu kwa tatu. Kaunta inaona mara moja kwamba stoo haina K39, K40 na K41. Stoo inaona kwamba kaunta haina S16 na S17. Matukio matano yanavuka ukuta, na baada ya hapo zote zina K41, S17, M5. Muhtasari huu huitwa vekta ya matoleo, na ulielezwa na watafiti tangu mwaka 1983. Sharti lake ni kwamba matukio ya kila simu yapokelewe kwa mfululizo bila kuruka, maana ukisema una K41 unamaanisha unayo yote kuanzia K1.

Utaratibu huu una tabia moja ambayo naona ndiyo uzuri wake wa kweli. Mwenye duka akipita kaunta asubuhi, simu yake inachukua matukio yote ya kaunta. Akienda tawi lake la pili, tuseme Umoja, simu yake inayakabidhi matukio hayo kwa simu ya kule, ingawa kaunta ya Kayole na simu ya Umoja hazijawahi kuonana. Hakuna aliyepanga njia. Habari imesambaa kwa watu kukutana. Mwaka 1987 Alan Demers na wenzake wa Xerox huko California walichapisha utafiti kuhusu kusambaza mabadiliko ya hifadhidata kwa namna maradhi au uvumi unavyosambaa: kila mashine inachagua mwenzake kwa kubahatisha na kulinganisha naye, na walionyesha kwamba mwishowe habari hufika kote. Walikuwa wakifikiria mashine za ofisini. Kanuni hiyo inaikaa simu ya mwenye duka anayezunguka mjini kama iliyoshonewa yeye.

Kwa faili kubwa kama picha na PDF hesabu ni nyingine kidogo. Faili hukatwa vipande, kila kipande kikapigiwa heshi, yaani namba ndefu inayotokana na yaliyomo. Vipande viwili vyenye heshi moja huchukuliwa kuwa kitu kimoja, na vinavyotofautiana pekee ndivyo hutumwa. Programu ya rsync ya Andrew Tridgell na Paul Mackerras iliutumia mtindo wa karibu na huu mwaka 1996, na Syncthing, iliyoanza mwaka 2013, inaufuata kati ya kompyuta na simu zilizo kwenye mtandao mmoja.

Wote wawili wameandika

Hapa ndipo penye kiini. Stoo ina mifuko 40 ya saruji, na simu zote mbili zinajua hivyo. Mtandao unapotea. Kaunta inauza mifuko 6 na kuandika kwamba imebaki 34. Stoo inapakia mifuko 10 kwenye mkokoteni wa mteja aliyelipa jana na kuandika kwamba imebaki 30. Simu zinaonana tena. Imebaki mingapi?

Programu nyingi zingejibu kwa kutazama saa: aliyeandika mwisho ndiye mkweli. Jibu litakuwa 34 au 30, na yote mawili ni uongo. Stoo ina mifuko 24. Ubaya wa kosa hili ni kwamba halipigi kelele. Hakuna ujumbe mwekundu unaotokea. Linagundulika mwisho wa mwezi wakati wa kuhesabu bidhaa, na wa kwanza kushukiwa huwa yule kijana wa stoo. Watu wamefutwa kazi kwa hesabu zilizoharibiwa na programu, na hilo ndilo linalonifanya niamini kwamba suala hili haliwahusu mafundi wa kompyuta peke yao.

Saa yenyewe ina kasoro ya pili. Saa za simu hazilingani. Simu ya stoo ikiwa mbele kwa dakika ishirini, bei iliyobadilishwa stoo saa nne kamili asubuhi itapigwa muhuri wa saa nne na dakika ishirini. Mwenye duka akirekebisha bei hiyo saa nne na dakika kumi, rekebisho lake litaonekana la zamani na litafutwa. Leslie Lamport alilishughulikia jambo hili mwaka 1978 kwa kuacha kabisa saa ya ukutani. Kila kifaa kinaweka namba. Kikifanya jambo, kinaongeza moja. Kikipokea ujumbe wenye namba kubwa kuliko yake, kinaruka juu ya namba hiyo. Kwa hiyo, ikiwa mwenye duka alikuwa ameshaiona bei ya stoo kabla ya kuirekebisha, namba ya rekebisho lake lazima iwe kubwa zaidi, hata saa za simu ziseme nini.

Na kama hakuwa ameiona? Hapo hakuna aliyetangulia wala aliyefuata kwa maana yoyote yenye faida kwetu. Kila mmoja aliandika bila kujua la mwenzake. Vekta tuliyoiona juu inaweza kuitambua hali hii: ikiwa mimi nina kitu usichonacho na wewe una kitu nisichonacho, tumeandika sambamba. Namba ya Lamport peke yake haiwezi kuonyesha hilo. Ni tofauti ndogo kwa macho, lakini programu isiyoitambua hufuta kazi ya mtu kimya kimya.

Turudi kwenye saruji. Dawa ni kuacha kuandika kilichobaki na kuandika kilichotokea. Kaunta haiandiki 34, inaandika "K42: toa 6". Stoo inaandika "S18: toa 10". Kila simu inajumlisha yenyewe: 40 toa 6 toa 10 ni 24. Ukianza na S18 halafu K42, bado ni 24. K42 ikifika mara mbili, mara moja kupitia ruta na mara nyingine kupitia simu ya mwenye duka, jina lake linaonyesha kwamba ni tukio lile lile, na halihesabiwi upya. Mwaka 2011 Marc Shapiro, Nuno Preguiça, Carlos Baquero na Marek Zawirski waliiwekea kanuni familia nzima ya miundo ya data yenye sifa hizi, inayojulikana kwa herufi CRDT: mabadiliko yaunganishwe kwa mpangilio wowote, kwa mafungu yoyote, hata yakirudiwa, na nakala zote zitafika mahali pamoja bila kuuliza seva. Ipo ya kuhesabu, ipo ya orodha, ipo ya maandishi yanayohaririwa na watu wengi kwa pamoja.

Lakini hisabati hii ina mpaka, na wauzaji wa programu hawapendi kuutaja. Imebaki mifuko 5. Simu zimepotezana. Kaunta inauza 4, stoo inauza 4. Zikikutana zitakubaliana vizuri kabisa kwamba imebaki hasi 3. Hesabu ni sahihi na mteja mmoja hana saruji. Hakuna ujanja wa kuliondoa hili. Eric Brewer alidokeza mwaka 2000, na Seth Gilbert na Nancy Lynch wakathibitisha mwaka 2002, kwamba mawasiliano yakikatika unachagua moja: uendelee kuhudumia na ukubali nakala zitofautiane kwa muda, au usimame hadi mawasiliano yarudi. Katika duka unaweza kugawa mapema, kaunta ipewe mifuko 3 na stoo 2, na kila upande usivuke fungu lake bila kuwasiliana. Au unaweza kuuza, halafu ukampigia mteja simu na kumwomba asubiri hadi kesho. Uamuzi huo ni wa mwenye biashara. Fundi anayemwamulia kimya kimya ndani ya programu anamkosea.

Kwa sababu hiyo pia, kuna vitu visivyofaa kusawazishwa kwa mtindo huu hata kidogo. Salio la M-Pesa halikai kwenye simu ya mtu. Linakaa kwenye mifumo ya kati, na simu ni dirisha la kutazamia tu. Pesa ile ile ikitumwa mara mbili na simu mbili zisizoonana, kuunganisha baadaye hakumsaidii aliyeshatoa bidhaa.

Bei nayo haijumlishwi. Huwezi kuunganisha 750 na 780. Njia ninayoipendelea ni kupunguza wanaoruhusiwa: bei ibadilishwe na mwenye duka pekee, na ugomvi mwingi unaisha kabla haujaanza. Kwa vitu kama namba ya simu ya mteja, ni heri programu ihifadhi zote mbili na imwonyeshe mtu achague.

Kufuta ni mtego wa mwisho wa sehemu hii. Kaunta ikilifuta jina la mteja kabisa, stoo ikija itaona kaunta haina jina hilo, itadhani halijafika, na italirudisha. Mteja aliyefutwa atafufuka kila asubuhi. Inabidi kufuta kuwe tukio kama mengine: "K50: mteja huyu ameondolewa". Alama hiyo inabaki hadi simu zote zinazojulikana ziwe zimeiona. Na simu moja ikiibwa bila kuondolewa kwenye orodha, alama zitasubiri milele na daftari litanenepa.

Ruta moja haimaanishi familia moja

Katika majumba ya kupanga ya Pipeline au Roysambu ni kawaida wapangaji kugawana Wi-Fi moja. Kuwa kwenye mtandao mmoja na mtu si dalili ya kumwamini. Simu inayoitangazia plot nzima kwamba ina huduma ya duka fulani, kisha ikamkabidhi daftari kila aliyeuliza, imewauza wateja wake. Hapa ndipo ile kodi ya QR inarudi. Pamoja na anwani, inabeba ufunguo wa umma wa simu hiyo, yaani namba ndefu isiyo siri ambayo wenzake huitumia kuitambua, na kwa kuwa umeupiga picha kwa macho yako kwenye kioo cha mwenzako, mtu wa katikati hana nafasi ya kuubadilisha. Kuanzia siku hiyo simu hizo mbili hutambuana kwa funguo na kusimba kila kinachopita, yaani kukigeuza kisisomeke na mtu mwingine, kwa mbinu zilizotokana na kazi ya Whitfield Diffie na Martin Hellman ya mwaka 1976.

Hatari inayobaki ni wizi. Mfumo wa namna hii unaiweka nakala nzima ya daftari ndani ya kila simu, na Nairobi simu hunyakuliwa mkononi kupitia dirisha la matatu. Simu zilizotoka kiwandani na Android 10 ya mwaka 2019 au toleo la baadaye zinatakiwa kusimba hifadhi yake, jambo ambalo lina maana tu kama simu ina nywila. Muhimu zaidi ni kutopeleka kila kitu kila mahali. Kijana wa stoo anahitaji idadi ya mifuko. Madeni ya wateja hayamhusu. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka data binafsi ikusanywe na kutumiwa kwa kiasi kinachohitajika tu, na hilo linahusu nakala iliyo kwenye simu ya stoo sawasawa na iliyo kwenye seva.

Mfano mkubwa wa uangalifu huu uko kwenye afya. Mfumo wa eCHIS unaotumiwa na wahudumu wa afya ya jamii nchini, walioanza kupewa simu kwa wingi mwaka 2023, umejengwa juu ya programu huria inayohifadhi rekodi ndani ya simu na kusawazisha na seva mtandao ukipatikana. Unapitia seva, hivyo hauko sawa na duka letu, lakini umejengwa kwa mtazamo ule ule kwamba simu ndiyo mahali pa kwanza pa kazi. Na mhudumu hupata rekodi za kaya anazohudumia. Za mtaa mzima haziji kwake.

Hata duka letu halipaswi kuikimbia seva kabisa. Moto ukishika soko, na Gikomba tumeuona mara nyingi, simu zote za duka moja zinaweza kuungua pamoja. Seva iwepo, ila iwe mwenzao mmoja zaidi mwenye vekta yake, anayepokea matukio kupitia simu yoyote itakayopata intaneti kwanza. Ikikosekana siku mbili, duka linaendelea.

Kuna jambo la betri pia. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu iliyotulia huzilaza programu za nyuma, na iPhone ni kali zaidi. Usitarajie simu iliyo mfukoni na skrini imezimwa isawazishe kila dakika. Simu ya kaunta iachwe ikichaji na programu ikiwa wazi.

Anayetaka kununua programu ya duka inayodai kufanya kazi bila intaneti anaweza kuijaribu mwenyewe kabla ya kulipa. Chomoa waya unaoleta intaneti kutoka nje, ruta ibaki ikiwaka, na zima data ya simu. Uza kitu kaunta, tazama stoo. Kisipoonekana, programu hiyo inategemea seva, hata tangazo liseme nini. Kikionekana, weka simu zote mbili kwenye hali ya ndegeni, uza bidhaa ile ile pande zote mbili, sogeza saa ya simu moja mbele kwa nusu saa, kisha ziunganishe tena na uhesabu. Mwisho futa mteja mmoja kaunta wakati stoo imezimwa, washa stoo, na usubiri uone kama atarudi.